Kuweka Linux Mint pembeni ya Windows kwenye laptopu ya mtumba: mwongozo kamili kwa waliokwama

Ujumbe unaonifikia mara nyingi, uwe wa mwanafunzi wa MUST hapa Mbeya, wa Mkwawa kule Iringa au wa mwalimu aliyeko Makete, ni ule ule: "Kaka, nimeweka Linux, Windows imepotea." Mwingine: "Flashi haisomi." Mwingine ameshalia kabisa, ripoti ya field ilikuwa humo. Ukimuuliza alianzia wapi, utakuta alianzia hatua ya mwisho. Linux Mint ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ulivyo Windows, na kuuweka kwenyewe hakuchukui hata saa moja. Kinachowaponza watu ni yale waliyoyaruka kabla, ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inafanyika ndani ya Windows.

Wanaouliza kwa nini tuhangaike: huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, ukitoa chache sana. ThinkPad T430, EliteBook 840 G1 na Latitude E6440 zinazouzwa kwenye maduka ya mtumba hazimo. Mashine hizo bado ni nzima, zina i5 nzuri tu, na Mint inakimbia humo vizuri.

## Andaa hivi kwanza

- Laptopu yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Ikiwa na GB 2, chukua toleo jepesi la Mint liitwalo Xfce badala ya lile la kawaida, Cinnamon.
- Nafasi tupu ya angalau GB 60 kwenye diski C.
- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa. Flashi feki zipo tele, zimeandikwa GB 64 huku ndani hazina hata GB 8, tumia unayoiamini.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya kuhifadhia kazi zako.
- Bando la kutosha. Faili la Mint peke yake linakaribia GB 3.
- Chaja, na betri inayoweza kukaa angalau saa moja.
- Simu na waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za mitaani zinachaji tu.
- Karatasi na kalamu, kwa sababu kuna mambo utakayohitaji kuyasoma wakati Windows yenyewe imezimwa.

Neno moja kuhusu diski. Kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, ile inayotoa sauti ya kukwaruza, nunua SSD (diski isiyozunguka) kabla ya kuhangaika na mfumo wowote. Mint itapunguza uzito, lakini haiwezi kuifanya diski ya zamani iwe na mbio.

## Hatua ya 1: Toa mafaili yako nje

Nakili Documents, Desktop, Downloads na picha zako kwenye diski ya nje. Usisahau mafaili yaliyolala kwenye Desktop, maana ndiko ripoti nyingi zinakoishi.

Kunakili peke yake hakutoshi. Chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili matatu manne makubwa. Yakifunguka, endelea. Yasipofunguka, ashukuriwe Mungu umejua leo.

## Hatua ya 2: Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker

BitLocker ni kufuli la Windows linalosimba diski, yaani kuyafanya mafaili yasisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za ofisini huja nalo bila mwenye nayo kujua. Ukigusa mpangilio wa kuwaka wa mashine ya namna hiyo, Windows itakuamkia na skrini ya bluu ikidai namba ya tarakimu 48 ambayo hujawahi kuiona maishani.

Andika `cmd` kwenye sehemu ya kutafuta, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

`manage-bde -status`

Tafuta mstari wa "Conversion Status". Ukisoma "Fully Decrypted", uko salama. Ukisoma kingine chochote, kama "Fully Encrypted", nenda Settings, tafuta "Device encryption" au "Manage BitLocker", uzime, na uache mashine imechomekwa chaja mpaka imalize. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Rudia amri ile ile mpaka ikuonyeshe "Fully Decrypted".

## Hatua ya 3: Zima "fast startup"

Hatua hii wengi huiona ya kipuuzi, wakaja kuilipia baadaye. Windows ikiwa na "fast startup", ukibonyeza Shut down haizimiki yote. Inahifadhi hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na diski inabaki katika hali ya kutumika. Mint ikija, itaigomea diski hiyo au itaisoma tu bila kuandika. Ukilazimisha kuandika, mafaili yanaharibika.

Kwenye dirisha lile lile jeusi andika:

`powercfg /h off`

Haitajibu kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Faida ya ziada: faili kubwa la hibernation linafutika, unapata nafasi ya gigabaiti kadhaa. Hasara yake ni kwamba Windows itachelewa kidogo kuwaka. Ivumilie.

## Hatua ya 4: Jua mashine yako inawaka kwa UEFI au Legacy

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, bonyeza Enter. Kuna mstari wa "BIOS Mode". Utasoma UEFI (njia mpya ya kuwaka) au Legacy (ya zamani). Andika kwenye karatasi.

Sababu ni kwamba mifumo miwili inayoishi diski moja lazima iwake kwa njia moja. Windows ikiwa ya UEFI nawe ukaweka Mint kwa Legacy, kila mmoja utawaka kivyake bila kumwona mwenzake. Hapo ndipo mtu anatangaza kuwa Windows imepotea, kumbe ipo.

Wenye Legacy, hasa HP zilizotoka kiwandani na Windows 7, wana mtego mwingine. Diski ya aina hiyo hairuhusu zaidi ya sehemu kuu nne, na HP hizo mara nyingi zimeshazijaza zote: SYSTEM, C, RECOVERY na HP_TOOLS. Ukikuta nne, nafasi utakayoitoa hatua ya 5 itaonekana "unusable" mbele ya safari. Sehemu moja lazima iondoke, na si ya kuchagua kwa kubahatisha. Hapo mtafute fundi anayejua, au ukubali kubaki na mfumo mmoja.

## Hatua ya 5: Katia Mint kiwanja chake

Bonyeza Windows na R, andika `diskmgmt.msc`. Bofya kulia kwenye C, chagua "Shrink Volume". Sanduku linataka megabaiti, kwa hiyo usiandike 60 ukitegemea gigabaiti 60. Gigabaiti 60 ni 61440. Gigabaiti 40 ni 40960. Mint inahitaji angalau GB 20, lakini kwa mtu wa kufanya kazi kila siku chini ya 40 ni kujibana.

Ukimaliza utaona kipande chenye mstari mweusi juu, kimeandikwa "Unallocated". Kiache hivyo hivyo! Usikipe herufi, usikifomati. Wanaokigeuza kuwa diski D wanarudi baadaye kuuliza mbona Mint haioni nafasi.

Windows ikikuruhusu kupunguza kidogo mno ilhali C ina nafasi tele, kuna mafaili yasiyohamishika katikati. Zima System Restore na "paging file" kwa muda, washa upya, jaribu tena. Ukishapata nafasi, virudishe.

Kabla ya kuondoka, washa Windows upya mara moja. Ikiwaka salama baada ya kupunguzwa, sasa tunaweza kushughulika na Mint.

## Hatua ya 6: Pakua Mint na ulihakiki faili

Nenda kwenye tovuti rasmi, linuxmint.com, chagua mfululizo wa 22. Huo unapata masasisho hadi 2029. Cinnamon inafaa wengi wanaotoka Windows. Xfce ni ya mashine zilizochoka.

Kwa mitandao yetu, pakua kwa torrent kama unaweza. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, inaendelea ilipoishia, na inajihakiki yenyewe vipande kwa vipande. Ukipakua kwa brauza, fanya usiku kwa bando la usiku au tumia intaneti ya chuo, kisha ulihakiki. Lipe faili jina fupi, `mint.iso`, fungua dirisha jeusi kwenye folda lilipo, uandike:

`certutil -hashfile mint.iso SHA256`

Utapata mstari mrefu wa herufi na namba 64. Ulinganishe na ule uliopo kwenye faili la sha256sum.txt la toleo lako. Ukipishana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, pakua upya. Inauma kutupa GB 3, lakini inauma zaidi usakinishaji ukikwama asilimia 70.

## Hatua ya 7: Choma kwenye flashi

Hapa ndipo "flashi haisomi" inapozaliwa. Mtu anavuta faili la ISO na kulibandika kwenye flashi kama anavyobandika wimbo. Flashi hiyo haitawaka hata uisomee dua, kwa sababu kompyuta inapowaka haitafuti faili, inatafuta mpangilio maalumu wa kuwashia.

Tumia Rufus. Ni programu ndogo, haihitaji kusakinishwa. Chagua flashi yako juu. Soma ukubwa wake ili usije ukafuta diski ya nje yenye hifadhi yako (ichomoe kabisa hiyo). Bonyeza SELECT, chagua `mint.iso`. Kwenye "Partition scheme", weka GPT kama karatasi yako inasema UEFI, au MBR kama inasema Legacy. Bonyeza START. Ikikuuliza aina ya uandishi, bakia kwenye "ISO Image mode". Flashi ikikataa kuwaka baadaye, rudi uchague "DD".

Mstari wa kijani ukiandika READY, umemaliza.

## Hatua ya 8: Iwashe Mint bila kusakinisha

Zima laptopu. Chomeka flashi. Washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: HP ni Esc kisha F9, Dell, ThinkPad na Toshiba nyingi ni F12, Asus nyingi ni Esc. Acer nazo ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, nje ya Windows) kwa kuingia na F2.

Orodha inaweza kuionyesha flashi mara mbili, moja ikianza na neno "UEFI". Tazama karatasi yako ndipo uchague.

Mint itafunguka kutoka kwenye flashi, diski yako haijaguswa bado. Usikimbilie kusakinisha. Kaa hapo robo saa: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, padi ya kipanya, vitufe vya mwanga. Kinachofanya kazi hapa kitafanya kazi baadaye.

Wi-Fi isipoonekana, ni kawaida kwa mashine zenye kadi za Broadcom. Chomeka simu kwa waya, washa "USB tethering", nawe uko hewani papo hapo bila dereva (programu ya kuendeshea kifaa) yoyote. Baada ya kusakinisha utafungua "Driver Manager" nayo itakutafutia dereva ya kadi yako.

## Hatua ya 9: Sakinisha, ukisoma kila neno

Chomeka chaja. Kama betri yako imekufa na mvua za Tukuyu zinanyesha, ahirisha. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, hakuna mwongozo utakaokusaidia zaidi ya ile hifadhi ya hatua ya 1.

Bofya mara mbili "Install Linux Mint". Kibodi acha English (US). "Multimedia codecs" weka tiki kama una bando. La sivyo utaziweka siku nyingine.

Kisha inakuja skrini ya "Installation type", ambayo imeliza wengi. Kuna "Erase disk and install Linux Mint". Hiyo inafuta diski nzima pamoja na Windows na kila kitu chako, na mara nyingine ndiyo inayokuja imeshachaguliwa. Wanaobonyeza Continue bila kusoma ndio wale wa "Windows imepotea".

Mimi humwambia mtu achague "Something else", hata kama anaona "Install alongside", kwa sababu humo anaona kwa macho yake kinachoguswa. Fanya hivi:

1. Kwenye orodha, tafuta mstari wa "free space" wenye ukubwa uleule ulioutoa hatua ya 5. Ubofye.
2. Bonyeza alama ya kujumlisha. Ukubwa uache wote. "Use as" weka Ext4. "Mount point" weka alama ya mkwaju, `/`. Bonyeza OK.
3. Chini, "Device for boot loader installation", acha diski nzima ya ndani, kwa mfano `/dev/sda` au `/dev/nvme0n1`. Hakikisha siyo flashi. Ukubwa umeandikwa pembeni.
4. Sehemu ya "efi" iliyopo usiifomati. Windows inaitegemea.
5. Bonyeza "Install Now".

Dirisha dogo litajitokeza likiorodhesha litakachofanya. Lisome polepole. Linatakiwa kutaja sehemu moja mpya tu itakayofomatiwa kama ext4. Ukiona ntfs kwenye orodha ya vitakavyofomatiwa, bonyeza "Go Back" mara moja. Hiyo ni Windows yako. Usipite hapa kwa sababu fundi au rafiki amesimama nyuma anasema "bonyeza tu, bonyeza tu".

Ramani ikija, bofya Tanzania; itaandika Dar es Salaam. Weka jina fupi la herufi ndogo na nywila utakayoikumbuka, maana Mint itaiuliza kila unapoweka programu. Usisimbe folda ya nyumbani kama ndio kwanza unaanza.

Ikimaliza, washa upya, chomoa flashi inapokuambia, bonyeza Enter.

## Hatua ya 10: Hakikisha yote mawili yapo

Umefanikiwa ikiwa skrini nyeusi inakuonyesha orodha yenye Linux Mint juu na Windows chini. Ingia Mint, zima. Ingia Windows, zima. Yote yakiwaka, kazi kubwa imekwisha.

Ikienda moja kwa moja Windows, Mint haijapotea. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kuwaka, upandishe juu ule ulioandikwa "ubuntu". Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na kwenye UEFI mara nyingi hujiandikisha kwa jina hilo. Masasisho makubwa ya Windows nayo huweza kuurudisha mpangilio; dawa ni hiyo hiyo.

Ikienda moja kwa moja Mint bila kuonyesha Windows, bonyeza Ctrl, Alt na T, andika `sudo update-grub`, weka nywila. Herufi zake hazitaonekana ukiichapa, huenda ukaona nyota tu, wewe chapa. Mstari unaotaja "Windows Boot Manager" ukijitokeza, umepona.

## Saa kupotea, fonti na flashi za stationery

Ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Linux huiandika saa ya mashine kwa saa za dunia, Windows huisoma kama ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ndani ya Mint andika:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Ukiandika `timedatectl` peke yake baadaye itakuonya kwa maneno mengi. Ipuuze, kisha ukiingia Windows irekebishe saa mara moja. Usiiache hivyo, maana saa ikipotoka sana tovuti zinaanza kugoma kufunguka.

Fungua Timeshift siku ya kwanza kabisa, upige picha ya mfumo ungali safi. Siku utakapoharibu kitu, na utaharibu, unarudi kwenye picha hiyo kwa dakika chache. Mafaili yako binafsi haiyagusi, kwa hiyo usiihesabu kama hifadhi ya kazi zako.

Masasisho hayajiweki yenyewe mpaka uruhusu, na hilo pekee linatosha kuipenda Mint kwa mtu anayenunua bando la siku. Ngao ndogo pembeni mwa saa itakuambia yapo. Yashushe ukiwa na intaneti ya maana.

Nyaraka za Word zinafunguka kwa LibreOffice. Mahali pa Times New Roman itawekwa Liberation Serif, yenye upana ule ule wa herufi, kwa hiyo kurasa hazihami. Ukimtumia msimamizi wako, hifadhi kama docx. Ukipeleka stationery kuchapisha, hifadhi kama PDF.

Na hizo flashi za stationery: zikirudi na virusi vya shortcut, kila folda imegeuka kimshale, zichomeke ukiwa Mint. Mafaili yako halisi utayaona yamelala humo, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina. Yasipoonekana bonyeza Ctrl na H. Yanakili pembeni, kisha fomati flashi.

## Ukibadili mawazo

Usiifute sehemu ya Linux ukiwa Windows halafu ukazima. Kwenye mashine ya UEFI, anza na BIOS: pandisha "Windows Boot Manager" juu kabisa, uwashe uhakikishe inaingia Windows yenyewe bila orodha nyeusi. Hapo sasa fungua `diskmgmt.msc`, futa sehemu ya GB 60 isiyo na herufi, bofya kulia kwenye C na uchague "Extend Volume". Kwenye mashine ya Legacy mpangilio wa BIOS hautoshi. Utahitaji flashi ya kuwekea Windows, uingie "Command Prompt" yake na kuandika `bootrec /fixmbr` kabla ya kufuta chochote.